Bjurholm, manispaa ya watu 2,400

Ukisikia "manispaa", akilini unakujia mji wa lami, taa za barabarani na stendi ya mabasi. Bjurholm, kaskazini mwa Uswidi, ni misitu na mito. Wakazi wake ni kama 2,400, wachache kuliko wa manispaa nyingine yoyote nchini humo, ilhali eneo lake ni takribani kilomita za mraba 1,300. Uswidi ina manispaa 290, na kisheria Bjurholm ina hadhi ileile ya Stockholm.

Dhana: Padogo hivyo, lazima panaendeshwa na serikali kuu.
Hapana. Shule, chekechea, matunzo ya wazee, ustawi wa jamii, maji, taka na zimamoto ni kazi za manispaa. Hutoza kodi yake ya mapato, na kiwango hupangwa na madiwani wake. Mkurugenzi huajiriwa palepale, hateuliwi na mtu wa juu. Kodi ya watu wachache haitoshi, kweli, ndiyo maana kuna utaratibu wa kitaifa wa kusawazisha mapato ya manispaa. Mwaka 1974 Bjurholm iliunganishwa na jirani yake Vännäs. 1983 ikajitoa, ikasimama peke yake. Uchache wa watu haukuwazuia.

Dhana: Diwani anaishi kwa siasa.
Walio wengi mno hulipwa posho tu. Mchana ni muuguzi, mwalimu au mkulima. Jioni yuko kikaoni. Aliyepitisha kufungwa kwa shule ya kijiji ndiye mtakayepanga naye foleni dukani kesho yake, na utamuuliza uso kwa uso.

Dhana: Zahanati ikipunguziwa huduma, kosa ni la manispaa.
Afya ni ya mkoa. Wananchi wa Dorotea, manispaa nyingine ndogo ya Västerbotten, mkoa uleule wa Bjurholm, walipoanza kuikalia zahanati yao Januari 2012 wakipinga kuondolewa vitanda, waliyepambana naye ni mkoa. Walikaa kwa zamu, miaka mitatu.

Dhana: Asiye raia hana kura.
Hii ndiyo inayoniuma, maana wapo wazungumzaji wa Kiswahili, hasa Wakongomani, wanaoikosa haki yao kwa kutojua. Tangu 1976 wasio raia hupiga kura za manispaa na mkoa. Ukiwa na miaka 18 na umesajiliwa kuishi Uswidi miaka mitatu mfululizo, unahesabika. Raia wa Umoja wa Ulaya, Norway na Iceland hawasubiri hata hiyo mitatu. Hujiandikishi popote: kadi ya mpiga kura hukufikia nyumbani kwa posta. Kituoni utakuta karatasi za rangi tatu. Ya njano ni ya bunge, hiyo waachie raia. Chukua ya bluu, ya mkoa, na nyeupe, ya manispaa, na ukimtaka mgombea fulani weka alama mbele ya jina lake. Siku yenyewe ni Jumapili ya pili ya Septemba, kila baada ya miaka minne.