Barua haitoki, lawama zote kwa kichujio

Barua pepe za ofisi zikigoma kutoka, neno la kwanza kusikika ni "zima hicho kichujio cha barua taka." Fundi anazima, anajaribu tena, wapi! Sasa ana tatizo lile lile, na taka zinamiminika ndani.

Ujumbe wa "Relay access denied", ambao kwenye Postfix (programu ya seva ya barua) huja na namba 554 5.7.1 au 454 4.7.1, hauhusiani na taka hata kidogo. Kichujio kwa kawaida hupima yaliyomo ndani ya barua, na hapa barua yenyewe haijapokelewa bado. Seva imeuliza mambo mawili tu. Anayeandikiwa yuko kwenye kikoa ninachokihudumia? Kama hayuko, wewe unayetuma nakufahamu? Hufahamiki mpaka IP yako iwe ndani ya mynetworks, yaani orodha ya anwani ambazo seva inaziamini, au uwe umeingia kwa jina na nywila. Ndiyo maana barua kwa mwenzako wa ofisi hiyo hiyo hufika, na ya kwenda Gmail hukataliwa. Mara nyingi dosari iko kwenye simu au Outlook ya mtumiaji: nywila imewekwa upande wa kupokea, upande wa kutuma umeachwa mtupu.

Hapo huja ushauri wa pili: "Ongeza IP yake kwenye mynetworks, yaishe." Huu ndio mbaya kuliko yote. Mtu yuko safarini, anatumia bando la simu, na IP yake leo si ya kesho. Fundi anaongeza moja, kisha safu nzima, mwisho anachoka na kuandika 0.0.0.0/0, yaani dunia nzima. Tena kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya IP moja, kwa hiyo ukimfungulia mmoja umewafungulia na asiowajua. SMTP, lugha ya seva za barua, ilipoandikwa mwaka 1982, kupitisha barua ya mgeni ulikuwa uungwana wa kawaida. Watuma taka wa miaka ya 1990 waliumaliza. Seva iliyo wazi siku hizi hugunduliwa upesi na roboti zinazopekua mtandao, na IP yake ikaishia kwenye orodha za waliofungiwa. Mtumiaji apite poti (mlango wa seva) 587 au 465 kwa nywila yake. Poti 25 waachiwe seva waongee wao kwa wao.

Kichujio nacho si malaika, ila kosa lake huwa mahali ambapo wengi hawaangalii: mpangilio wa masharti. Postfix husoma masharti kwa mfuatano, na la kwanza kutoa uamuzi ndilo linaloshika. Ukitanguliza reject_rbl_client zen.spamhaus.org (kataa IP zilizo kwenye Zen, orodha ya pamoja ya shirika la Spamhaus) kabla ya permit_sasl_authenticated (ruhusu aliyeingia kwa nywila), mfanyakazi mwenye nywila sahihi atakataliwa kwa sababu intaneti ya nyumbani kwake imo kwenye PBL, ambayo ni sehemu ya Zen. Na PBL si orodha ya wahalifu. Ni safu za IP ambazo hazitarajiwi kupeleka barua moja kwa moja kwenye seva za watu wengine, basi. Pandisha permit_sasl_authenticated juu, au ipe poti 587 masharti yake yenyewe ndani ya master.cf, faili la huduma za Postfix.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Spamhaus haihudumii maswali yanayopitia DNS (seva za kutafuta majina na anwani) za umma kama 8.8.8.8, hujibu 127.255.255.254, maana yake "umeuliza kwa njia isiyoruhusiwa." Seva inayochukulia kila jibu kuwa ni hukumu itafungia kila mtu, mwema na mbaya. Weka Unbound, programu ya kuuliza DNS, kwenye seva yenyewe, uache kuulizia kwa jirani.

"Haijafika, basi imekataliwa." Si lazima. Namba inayoanza na 5 ni kukataliwa. Inayoanza na 4 ni njoo baadaye, na wengine hukuambia hivyo makusudi ili waone kama utarudi. Postfix itaendelea kujaribu kwa siku 5 usipobadilisha chochote. Andika mailq, amri ya kuonyesha foleni ya barua, usome sababu iliyoandikwa chini ya kila barua. Ukiona 127.0.0.1:10024 na "Connection refused", kichujio hakijahukumu chochote: amavis, programu inayoendesha kichujio, imezimika. Kwenye seva ndogo angalia kumbukumbu (RAM), maana ClamAV, kinga ya virusi, peke yake hula zaidi ya GB 1, na kumbukumbu ikiisha mfumo huua programu ili upumue. Iwashe, kisha andika postqueue -f ili foleni ijaribiwe upya. Usikimbilie postsuper -d ALL, inayofuta foleni nzima. Hizo ni barua za watu, nazo hazirudi.

Ukiona "Connection timed out" kwa kila seva ya nje kwenye poti 25, acha kugusa main.cf, faili kuu la mipangilio ya Postfix, ukitafuta kosa. Google Cloud huzuia poti hiyo kwa trafiki ya kutoka, na Amazon EC2 huibana mpaka uombe. Tumia relayhost (seva nyingine inayokupitishia barua) kupitia 587, na ukumbuke kuiongeza hiyo seva kwenye SPF yako, rekodi ya DNS inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako.

Ya mwisho nasikia hata kwa mafundi wazoefu: "SPF, DKIM na DMARC ziko sawa, Gmail lazima ipokee." Hizo tatu ni njia za kuthibitisha wewe ni nani; hazisemi kama una sifa njema. Tangu Februari 2024 Gmail inadai pia PTR (rekodi ya kugeuza IP kuwa jina) iliyo sahihi kwa kila anayeituma barua. Wengi wanayo kwa IPv4, huku seva inatoka kwa IPv6 bila wao kujua. Tazama logi: IP ya Gmail iliyounganishwa ikiwa na nukta pacha (:) katikati ya tarakimu, umetoka kwa IPv6. Mwombe mwenye mtandao akuwekee PTR ya anwani hiyo, au andika inet_protocols = ipv4 na uwashe Postfix upya.