Kipimo cha redoksi: maswali kuhusu usalama wa maji

Kipimo hiki kinapima nini hasa?
Kinapima kama maji yanaelekea kunyang'anya elektroni (chembe ndogo sana zenye chaji ya umeme) au kuzitoa, na jibu husomwa kwa milivolti. Kifaa kina elektrodi ya platinamu na nyingine ya kulinganishia, mara nyingi ya fedha na kloridi ya fedha. Klorini huua bakteria kwa kuwanyang'anya elektroni, hivyo klorini yenye nguvu ikiwemo, namba hupanda. Maji taka yaliyoishiwa oksijeni, yale yanayonuka kama mayai viza, husoma chini ya sifuri.

Namba ipi inaridhisha?
Kwa mabwawa ya kuogelea, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataja zaidi ya milivolti 720 kwa kifaa chenye elektrodi ya kulinganishia ya fedha na kloridi ya fedha.

Nimeongeza klorini, mbona namba haipandi?
Usimimine nyingine kabla ya kupima pH, yaani kiwango cha asidi au besi ya maji. Ndani ya maji klorini hukaa kwa sura mbili: asidi ya haipoklorasi, ambayo ndiyo inayoua, na haipokloriti, ambayo ni dhaifu sana. pH ikiwa 7.5, karibu nusu ni ile kali, ikifika 8.5, inabaki takriban moja ya kumi tu. Kipimo cha klorini peke yake kitakuambia mambo ni shwari, kumbe vimelea wanaendelea kuishi. Kwangu mimi, hiyo ndiyo faida kubwa ya redoksi: inasoma nguvu, si wingi. Kagua pia elektrodi yenyewe. Ikipata utelezi au mafuta ya ngozi, hudanganya.

Nikipata 750, maji yanafaa kunywa?
Si lazima. Kifaa hiki hakioni risasi, aseniki wala floridi. Kriptosporidiamu, kimelea anayeharisha watu, huvumilia klorini ya kawaida kwa siku kadhaa. Kwa maji ya kunywa, pima klorini iliyobaki: angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30, pH ikiwa chini ya 8.

Na maji yenye namba hasi yanayouzwa kama tiba?
Tafadhali usiache dawa zako kwa ajili yake. Hiyo namba mara nyingi hutokana na gesi ya hidrojeni iliyoyeyushwa humo, na haithibitishi kwamba maji yanaponya ugonjwa wowote. Tena maji hayo hayana klorini ya kuyalinda: ukiyachota kwa kikombe kichafu, bakteria hawana cha kuwazuia.