Je, wajua kwa nini dawa ya macho huonjwa kooni, na pumu inahusikaje?

Mtu akitia dawa jichoni, kisha baada ya dakika moja hivi akahisi uchungu nyuma ya ulimi, mara nyingi hudhani amekosea. Labda tone limeteleza shavuni likaingia mdomoni, au labda dawa ni kali mno. Wengine huongeza tone la pili kufidia lile waliloona limepotea. Dhana hizo si sahihi, na hiyo ya kuongeza tone ndiyo yenye madhara zaidi. Uchungu unaokuja baada ya dawa za macho kama kloramfenikoli (ya kuua bakteria) au dozolamidi (ya kushusha presha ya jicho) unaonyesha tu kwamba dawa imefuata njia ya kawaida ya machozi, na njia hiyo haiishii jichoni.

Simama mbele ya kioo, vuta kope la chini kidogo upande wa pua. Kwenye ukingo wake utaona kitobo kidogo sana. Kope la juu nalo lina chake. Vitobo hivyo huingia kwenye vijifereji viwili, vijifereji kwenye kifuko cha machozi, na kutoka hapo mfereji mmoja hushuka hadi ndani ya pua. Ndiyo maana anayelia hutokwa na kamasi. Machozi yanayobaki huteremka kooni na kumezwa.

Lichukulie jicho kama beseni dogo la kunawia: machozi huingia juu, hutokea kwenye tundu la chini, na nafasi ya ziada ni finyu. Kwa kawaida jicho lina machozi mikrolita 7 hadi 10 (mikrolita ni sehemu moja ya milioni ya lita), na likifika takriban mikrolita 30 huanza kumwagika. Tone moja la chupa ni mikrolita 30 hadi 50. Kwa hiyo tone moja pekee linatosha kulijaza beseni na kulifurisha. Tone la pili likifuata papo hapo halina pa kukaa. Linalisukuma la kwanza nje, sehemu shavuni na sehemu kwenye tundu. Isitoshe, tundu hilo lina pampu. Kila unapopepesa, vijifereji hubanwa na kuachiwa, machozi yakavutwa kuelekea puani. Anayepepesa haraka haraka ili dawa isambae anaiendesha pampu hiyo kwa kasi. Hata kwa anayetia vizuri, kiasi kinachopenya hadi ndani ya jicho kwa kawaida hakifiki asilimia 5.

Sehemu kubwa ya dawa iliyobaki hukutana na ngozi laini ya ndani ya pua, yenye mishipa mingi ya damu. Hapo dawa huingia kwenye damu bila kupita kwanza kwenye ini, ambalo lingepunguza sehemu ya kidonge kilichomezwa. Kwa hiyo kipimo kinachoonekana kidogo si kidogo. Tone la mikrolita 50 la atropini, dawa ya kupanua mboni, ya asilimia 1 lina miligramu 0.5, kiasi kinachotosha kuchomwa mtu mzima kwenye mshipa kuongeza mapigo ya moyo. Mtoto akitiwa matone kiholela anaweza kupata homa, uso mwekundu, kinywa kikavu na kuchanganyikiwa.

Hapa ndipo pumu inapoingia. Timololi, dawa ya kushusha presha ya jicho kwa mwenye glakoma (ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho), hufunga vipokezi vya beta, yaani sehemu za seli zinazopokea ishara za adrenalini. Vipokezi vya aina hiyo vimo pia kwenye njia za hewa, na ndivyo ambavyo salbutamoli, dawa ya inhela ya pumu, hutegemea kuzifungua. Mwenye pumu akitumia timololi anaweza kubanwa na kifua kwa sababu ya tone la jichoni, na inhela yake ikashindwa kumsaidia kama alivyozoea. Mfamasia anayeuliza kuhusu pumu, au kuhusu moyo unaopiga polepole, huku ameshika chupa ya dawa ya macho anauliza swali linaloweza kuokoa maisha. Jibu likiwa ndiyo, timololi haitolewi. Mgonjwa hurudishwa kwa daktari apangiwe dawa ya kundi lingine.

Utiaji wenyewe unahitaji subira kuliko nguvu. Nawa mikono, inamisha kichwa nyuma, vuta kope la chini lifanye kijimfuko, dondosha tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho wala kope. Fumba jicho taratibu, usilikaze. Kisha bana kwa kidole kona ya ndani, kwenye mfupa wa pua, kwa dakika 2 hadi 3. Vipimo vya damu vimeonyesha kwamba kubana hivyo hupunguza sana timololi inayoingia mwilini. Ushahidi kwamba huongeza nguvu ya dawa ndani ya jicho si imara kiasi hicho. Kama una dawa mbili, subiri angalau dakika 5 katikati, la sivyo ya pili itaiosha ya kwanza. Marhamu huja mwisho, maana mafuta yake huzuia matone kupenya. Chupa nyingi zikishafunguliwa hutupwa baada ya siku 28, hata kama dawa imebaki.

Safari ya upande wa pili, dawa ya kifua kufika jichoni, nayo ipo, na husahaulika. Ipratropiamu, inayovutwa kama mvuke kufungua kifua, ikivuja kwenye kingo za barakoa isiyokaa sawa huingia machoni na kupanua mboni. Kwa mwenye pembe nyembamba ndani ya jicho, yaani njia finyu ya kutolea maji ya jicho, presha inaweza kupanda ghafla: maumivu makali, jicho jekundu, ukungu, taa kuonekana zimezungukwa na rangi. Hiyo ni dharura ya hospitali saa hiyo hiyo. Mgonjwa wa aina hiyo hupewa kifaa cha kuweka mdomoni badala ya barakoa, au barakoa inayobana vizuri juu ya pua.