Mateso katika Ubudha na Ukristo: dhana potofu tunazozisikia Uganda

Wabudha nchini Uganda ni wachache sana. Kituo chao kinachojulikana zaidi, Uganda Buddhist Centre, kilianzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, na kipo Garuga, upande wa Entebbe, karibu na Ziwa Viktoria. Kwa hiyo mengi yanayosemwa hapa kuhusu Ubudha hutoka kwa watu ambao hawajapata kuusikia ukifundishwa. Linalosikitisha ni kwamba hata Ukristo, ambao wengi wetu tumelelewa ndani yake, hupotoshwa vilevile, na hupotoshwa pale panapoumiza zaidi: wodini na msibani.

Dhana: anayeteseka analipia alichotenda

Hii ndiyo yenye madhara kuliko zote. Mkristo huiita dhambi ya siri au laana ya ukoo. Mbudha hudhaniwa kuwa anaiita karma, yaani matendo ya mtu na matokeo yake, tena ya maisha yaliyopita. Mama aliyezaa mtoto mlemavu huulizwa chinichini alifanya nini.

Yesu aliulizwa swali hilohilo kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu, naye akajibu: “Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake” (Yohana 9:3). Katika Luka 13 anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Rafiki zake Ayubu walishikilia kwamba hapati mateso asiye na kosa. Mwishoni mwa kitabu (42:7) Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu.

Upande wa Ubudha, katika Samyutta Nikaya 36.21, moja ya mikusanyo ya hotuba za Budha, msafiri aitwaye Sivaka anamuuliza Budha kama ni kweli kila kinachomsibu mtu kimetokana na matendo yake ya zamani. Budha anataja vyanzo vinane vya maumivu: nyongo, kohozi, upepo wa mwilini, mchanganyiko wa hivyo vitatu, mabadiliko ya majira, mwili kutotunzwa vizuri, kushambuliwa, na karma. Karma ni kimoja tu kati ya vinane. Wanaosema yote ni karma, anaongeza, wanapita mipaka ya wanachokijua wenyewe.

Je, matendo hayana matokeo? Yanayo. Paulo anaandika kwamba mtu huvuna alichopanda (Wagalatia 6:7), na Majjhima Nikaya 135, katika mkusanyo mwingine wa hotuba za Budha, inafundisha kwamba ukatili huzaa maisha mafupi na maradhi. Kosa linaingia pale mtu anaposoma kinyumenyume. Kumwonya mlevi kwamba pombe itamharibu ini ni halali. Kumwona mwenye ini bovu na kuhitimisha kwamba ni mlevi ni kumsingizia, maana homa ya ini aina ya B huliharibu pia, na mtoto anaweza kuambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa. Dini hizi mbili zinaruhusu kutoka kwenye tendo kwenda kwenye matokeo yake. Haziruhusu kuyatazama maumivu ya mtu na kumbunia tendo.

Dhana: Ubudha unafundisha kwamba maisha ni huzuni tupu

Anayesema hivi amesikia ukweli wa kwanza kati ya kweli nne alizofundisha Budha, akaondoka. Katika hotuba yake ya kwanza, karibu na Varanasi nchini India, Budha alifuata mpangilio wa daktari: ugonjwa upo, una chanzo, unaweza kuisha, na tiba ni hii. Ugonjwa ni dukkha, nayo ina sura tatu. Ya kwanza ni maumivu ya wazi, kama jino au kufiwa. Ya pili imo ndani ya raha yenyewe, kwa kuwa raha haidumu. Ya tatu ni ile hali ya vitu vyote kutegemea vingine, hivi kwamba hakuna unachoweza kukishika kikatulia.

Chanzo ni tanha, kiu ya kushikilia: kiu ya starehe, kiu ya kuwa hivi au vile, na kiu ya kutokuwepo. Kutamani kumsaidia jirani au kumaliza masomo si lazima iwe tanha, kwa hiyo Mbudha haagizwi kukaa bila malengo. Tiba ni njia yenye sehemu nane, kuanzia mtazamo sahihi hadi utulivu sahihi wa akili.

Dhana: Mkristo wa kweli halalamiki

Zaburi za maombolezo ni nyingi, na zina muundo unaoweza kufuatwa. Chukua ya 13, yenye mistari sita tu. Mistari miwili ya kwanza ni malalamiko: “hata lini” inarudiwa mara nne. Miwili ya kati ni ombi. Miwili ya mwisho ni tumaini. Watu hukosea wanapomsukuma mfiwa aruke moja kwa moja hadi tumaini. Zaburi ya 88 haifiki huko kabisa. Inaishia gizani, na bado ni sala. Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, na msalabani alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22.

Dhana: imani ikitosha, ugonjwa huondoka

Paulo aliomba mara tatu mwiba wa mwilini mwake uondolewe, akajibiwa “Neema yangu yakutosha” (2 Wakorintho 12:9). Trofimo, mwenzake Paulo, aliachwa Mileto akiwa mgonjwa. Mtu anayetumia ARV akiambiwa aziache kwa sababu ameombewa, virusi huanza kuongezeka tena mwilini. Hilo linatokea hata kwa mwenye imani kubwa.

Dhana: Mbudha hujitenga, mgonjwa hamhusu

Kitabu cha kanuni za watawa kinasimulia kwamba Budha alimkuta mtawa mwenye kuhara amelala katika uchafu wake, bila mtu wa kumhudumia. Yeye na Ananda, mtawa aliyekuwa msaidizi wake, walimwosha wakampandisha kitandani. Kisha akawaambia watawa: anayetaka kunihudumia mimi, amhudumie mgonjwa. Msomaji wa Mathayo 25 atalitambua neno hilo mara moja. Dawa pia ni mojawapo ya mahitaji manne anayoruhusiwa mtawa, pamoja na chakula, mavazi na malazi.

Fundisho la Budha kuhusu mishale miwili hutumiwa vibaya mara nyingi. Mshale wa kwanza ni maumivu ya mwili. Wa pili ni hofu, hasira na majuto tunayojiongezea. Anayefanya mazoezi huanza kwa pumzi, kisha huangalia maumivu yalipo na jinsi yanavyobadilika, halafu hutofautisha maumivu na mawazo kuhusu maumivu. Ni zoezi la kujifanyia mwenyewe. Ukimwambia mwenye saratani kwamba mshale wa pili ni wake, umemchoma wa tatu.

Dhana: basi dini zote mbili zinasema kitu kimoja

Hapana, na kusema hivyo si kuziheshimu. Mkristo huuliza kwa nini Mungu mwema ameruhusu haya. Mbudha haulizi hivyo, kwa kuwa mafundisho yake hayaweki muumba juu ya ulimwengu. Kwa Mkristo mzizi ni dhambi iliyovunja uhusiano wa binadamu na Mungu, na uumbaji wote unaugua nayo (Warumi 8). Kwa Mbudha mzizi ni kiu na kutojua. Mwisho nao unatofautiana: ufufuo wa mwili na machozi kufutwa, au nibbana, kuzimika kwa kiu na kuisha kwa mzunguko wa kuzaliwa upya.

Zaidi ya yote, Mkristo anaamini Mungu mwenyewe aliteswa, kwa hiyo anaweza kuyaunganisha mateso yake na ya Kristo. Ndiyo maana mahujaji hutembea hadi Namugongo kila tarehe 3 Juni, kuwakumbuka mashahidi waliochomwa moto mwaka 1886. Hata hapo mateso hayatafutwi, maana Yesu aliomba kikombe kimwepuke. Budha aliutesa mwili wake kwa miaka sita, akaona haukumfikisha popote, akaacha.

Kwa hiyo ukienda kumjulia hali Mbudha, usimwambie Mungu ana mpango wake. Muulize kama angependa usomaji wa paritta, maandiko yanayosomwa kwa sauti kumlinda na kumtuliza mgonjwa. Mkatoliki muulize kama padre ameshaitwa kwa ajili ya Mpako wa Wagonjwa, ambao si wa anayekata roho peke yake. Na wote wawili waulize kama wamekula.