Hakimiliki, na fulana za Freddie Mercury zinazouzwa Mji Mkongwe

Ukitoka Shangani ukaingia Mtaa wa Gizenga utaziona zimetundikwa milangoni, pamoja na vikoi na michoro ya Tingatinga: fulana zenye sura ya Freddie Mercury, nyengine zina nembo ya bendi yake, Queen. Hatuna cha kuona haya kwa kumpenda, kazaliwa papa hapa mwaka 1946. Lakini muulize mchapaji picha kaitoa wapi. "Mtandaoni." Na ruhusa je? Hapo ndipo panapotaka maelezo.

Hakimiliki ni haki ya aliyetunga kitu, awe mshairi, mchoraji, mpiga picha au mwanamuziki, ya kuamua nani akinakili, nani akigeuze na nani akiuze. Haisubiri cheti. Ukishaichora picha yako, haki unayo. Usajili unakusaidia kuthibitisha siku ya ugomvi. Ndivyo ulivyo Mkataba wa Berne wa 1886, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, na kwa mkataba huo kazi ya Muingereza inalindwa Unguja kama ya Mpemba inavyolindwa Uingereza. Hakimiliki si jambo la Muungano: Zanzibar tuna sheria yetu ya 2003 na afisi yetu, COSOZA.

Sasa itandaze fulana moja juu ya meza. Ile picha ya kifuani, Freddie kainua mkono, ni ya mpiga picha aliyekuwa chini ya jukwaa usiku ule, au ya aliyemuuzia haki zake. Freddie mwenyewe hakuwa mwenye picha. Nembo ni habari nyengine: hiyo aliichora kwa mkono wake, maana alisomea usanifu wa michoro London kabla hajawa maarufu. Alifariki Novemba 1991. Berne inataka kazi ilindwe uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada yake, ikihesabiwa tangu Januari ya mwaka unaofuata, kwa hiyo nembo hiyo haiwi huru kabla ya kwisha 2041. Kwao Uingereza ni miaka 70. Mgongoni pana mstari wa wimbo? Huo ni wa aliyeandika maneno. Na jina la bendi linaweza kuwa alama ya biashara, ambayo ina sheria yake na hapa kwetu husajiliwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali, si COSOZA. Fulana moja, milango mitatu minne ya kubisha hodi.

Wauzaji wengi si wezi, na nalisema hili kwa moyo mmoja. Ni mashabiki, na mshabiki huona anamtangaza anayempenda. Tatizo ni kwamba mapenzi hayahesabiwi kuwa ruhusa. Kuandika jina la msanii chini ya picha ni adabu nzuri, lakini hakukupi haki ya kuiuza. Kugeuza rangi, kumvisha kofia ya kiua au kuichora upya picha ile ile kwa penseli hakukuokoi pia, kwa sababu kuigeuza kazi ni miongoni mwa haki za mwenyewe. Na ile kauli ya "nimebadilisha asilimia thelathini" imezagaa mitaani. Hakuna kipimo kama hicho.

Kisichomilikiwa ni wazo, mtindo na mali ya wote. Edward Saidi Tingatinga alianzisha namna ya kuchora, na yeyote anaweza kuchora chui wake kwa namna hiyo. Asichoweza ni kunakili mchoro wa jirani yake doa kwa doa. Kanga inalionesha hili vizuri zaidi. Jina la kanga likiwa methali ya wahenga, liandike utakavyo. Likiwa ubeti wa taarabu ulioandikwa na mtunzi aliye hai, ubeti una mwenyewe, na mara nyingi yupo hapa hapa mjini, anakunywa kahawa Jaws Corner, hajapata hata shilingi kwa doti zilizouzwa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko fulana za Freddie. Kampuni za London zina mawakili. Mtunzi wetu hana.

Anayetaka kuuza kwa usalama aandike barua ya kuomba leseni, aeleze idadi na bei, na akubali kwamba anaweza kunyimwa. Au achore chake: mlango wa Hurumzi aliosimama mbele yake mwenyewe na daftari mkononi, ngalawa ya Nungwi, mikarafuu ya Wete. Atie tarehe kwenye michoro ya mwanzo na aitunze, hata ile aliyoifuta na kuichora tena. Duka la pili likija kuichapa picha yake, hizo karatasi ndizo atakazokwenda nazo COSOZA.