Kupanga upya usanidi wa kihariri matini: maana yake, na kasi inakotoka

Kupanga upya msimbo (maandishi yanayoendesha programu) ni kubadili mpangilio wake wa ndani bila kubadili kile ambacho mtumiaji anakiona kikitendeka. Sehemu ya pili ya maelezo hayo ndiyo nzito. Ukimaliza kazi, halafu kitufe kilichokuwa kinahifadhi faili kikawa kinafanya jambo jingine, basi umebadilisha programu, hujaipanga upya. Aliyewahi kuingia ghala la chama cha msingi huku Mtwara msimu wa korosho ataelewa haraka: magunia huhamishwa ukuta hadi ukuta ili yahesabike vizuri, lakini kilo zikisomeka tofauti baada ya kuhamishwa, lazima mtu aulizwe.

Usanidi wa kihariri matini ni zile faili zinazokiambia kihariri kama Neovim au Emacs, programu za kuandikia msimbo, kionekane vipi, vitufe vifanye nini na programu-jalizi (nyongeza za kukiongezea uwezo) zipi zipakiwe. Kwenye Neovim, tangu toleo la 0.5 la mwaka 2021, mtu anaweza kuuandika wote kwa lugha ya Lua ndani ya faili init.lua. Faili hiyo huanza fupi. Kila wiki kinabandikwa kipande kilichonakiliwa mahali, mpaka mwenyewe hajui tena kipi kinategemea kipi. Kuigawa kwa moduli ni kuipa kila kazi faili yake chini ya folda lua: mipangilio.lua kwa ajili ya tabu na rangi, vitufe.lua kwa ajili ya vitufe, na folda ndogo ya programu-jalizi. Ndani ya init.lua inabaki mistari michache tu, kama require("vitufe").

Napendekeza kwa dhati majina ya Kiswahili, na si kwa mapenzi ya lugha peke yake. Lua hutafuta moduli kwa jina katika usanidi wako na katika programu-jalizi pia. Jina kama utils likiwepo sehemu mbili, inayopatikana kwanza ndiyo inayopakiwa, na nyingine haiguswi. Jina vitufe ni vigumu ligongane na la mtu mwingine.

Sasa, kugawa faili hakuongezi kasi. Faili ishirini zikisomwa zote wakati wa kufungua, kazi ni ileile, na diski imeongezewa safari. Kwenye kompyuta mpakato ya mtumba yenye diski ya kuzunguka, hali hiyo utaiona kwa macho. Kasi inatokana na kuahirisha. Chukua kijana wa Masasi anayeandika skripti ya Python ya kujumlisha uzito wa mizigo ya AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika. Mara nyingi anafungua faili ya CSV arekebishe tarakimu moja, afunge. Zana za kuchambua Python na za kuonyesha mabadiliko ya Git (programu ya kutunza matoleo ya faili) zinapakiwa za nini saa hiyo? Kwa lazy.nvim, programu-jalizi inayosimamia upakiaji wa nyingine, anaandika ft = "python" na programu-jalizi husika inasubiri mpaka faili ya Python ifunguliwe; nyingine zinaweza kusubiri kitufe au amri fulani. Faida ya kugawa kwa moduli ni kwamba kila kitu kina mahali pake, kwa hiyo unaona upesi kipi kinaweza kusubiri.

Pima kabla hujagusa chochote. Amri nvim --startuptime muda.txt +q inaandika kila hatua ilichukua milisekunde ngapi. Faili hiyo haifutwi, huongezewa tu, hivyo ifute kabla ya kurudia. Tena usilinganishe mara ya kwanza baada ya kuwasha mashine na mara ya pili: mara ya kwanza faili zinatoka diskini, mara ya pili mfumo umeshaziweka kwenye kumbukumbu.

Kugawa na kuahirisha kusifanywe kwa mkupuo mmoja. Kuahirisha hubadili wakati ambao kitu kinakuwa tayari, na kitufe kinachoita programu-jalizi ambayo bado haijapakiwa kinaweza kutoa kosa. Ukichanganya, hutajua kosa limetoka kwenye ugawaji au kwenye uahirishaji. Gawa, jaribu, hifadhi kwa Git, ndipo uanze kuahirisha. Anayeogopa kuharibu usanidi wake wa kila siku anakili folda yake kwa jina nvim-jaribio, kisha afungue kwa NVIM_APPNAME=nvim-jaribio nvim. Njia hii ipo tangu toleo la 0.9.

Kwa Emacs wazo ni hilohilo. Use-package, zana ya kupanga usanidi wa programu-jalizi iliyoingizwa ndani ya Emacs toleo la 29 mwaka 2023, ina :defer na :hook za kuahirisha. Kuna na kizingiti kiitwacho gc-cons-threshold, ambacho kwa kawaida ni baiti 800,000. Kikifikiwa, Emacs husimama kidogo kusafisha kumbukumbu, na wakati wa kuwaka husimama mara nyingi. Watu hukipandisha ndani ya early-init.el, faili iliyokuja na toleo la 27, na ni lazima kishushwe baadaye, la sivyo Emacs itasimama kwa muda mrefu katikati ya kuandika. Anayewasha emacs --daemon asubuhi, yaani Emacs inayobaki ikiwaka bila kuonekana, na kufungua faili kwa emacsclient kutwa nzima hana haja ya kuhangaikia sekunde hizo. Bidii yake aielekeze kwenye mpangilio wa faili.