Mechi ya 1869 haikuwa futiboli ya Kimarekani tunayoijua

Wengi huamini timu za vyuo vya Marekani, Rutgers na Princeton, tarehe 6 Novemba 1869, walicheza futiboli ya Kimarekani ya kwanza. Tarehe ni sahihi, mchezo sio. Kila upande ulikuwa na watu 25, na kukimbia na mpira mkononi au kuurusha kulikatazwa. Wachezaji waliupiga teke au kuusukuma kwa kiganja. Rutgers walishinda mabao 6 kwa 4. Kwa kweli ulikaribia soka, tena la vurugu.

Kubeba mpira kulitoka kwenye ragbi, timu ya chuo cha McGill ya Kanada ilipocheza na ile ya chuo cha Harvard cha Marekani mwaka 1874. Mwaka 1880 Walter Camp wa chuo cha Yale akaleta wachezaji 11 kila upande na mstari wa kuanzia, ambapo timu moja huanza kila jaribio ikiwa na mpira. Kosa likajitokeza: mwaka 1881 Princeton na Yale walishikilia mpira kipindi kizima kila mmoja bila kusonga mbele, ndipo 1882 ikaja kanuni ya yadi 5 kwa majaribio 3: timu isiyosonga umbali huo ilipoteza mpira. Pasi ya mbele, yaani kumrushia mwenzako mpira kuelekea mbele, iliruhusiwa 1906.